Mulango wa Fukara

Butembo, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Kwako Zacharie, mudogo wangu,

Nakusalimia wewe, na Léa muke wako, na Bénie mutoto wenu. Nasalimia pia huyo mwenye parcelle mwenye alibapatia annexe, ile nyumba ndogo ya nyuma, pale Beni, hata kama sijamuona kwa macho. Sisi huku tuko na pumuzi. Luc bwana yangu anakohoa, ni kawaida yake mvua ikianza. Abigaïl wetu amefika mwaka wa sita na anatupigia Kifaransa mu nyumba kupita mwalimu wake mwenyewe. Ku soko maharagi yangu inatoka pole pole. Paa ya jikoni ilikuwa inavuja, sasa haivuji tena.

Nakuandikia ku karatasi juu simu yako haipiti. Nikipigia ile ya jirani yako, anaweka haut-parleur, parcelle yote inasikiliza, na mutoto wake ananijibu mbele yako. Mambo ya mama siwezi kuisema vile. Donc nampatia Ananie barua. Unamujua, ule wa Fuso mwenye anapandisha bidhaa ya Kasindi na kupita kwenye unakaa. Mudomo wake hauna mulango, mais mikono yake haina matata.

Mama tulimuzika vizuri. Batu balikuya bengi. Batu ba kijiji yetu Vuhovi balishuka na pombe ya kasiksi mu mabido, na shirika ya mama ya kanisa iliimba mupaka sauti ikakauka. Moto ya kilio haikuzimika. Kila nyumba ya jamaa ilileta kuni yake, sawa desturi yetu, mutoto wa baba mudogo Jacob, Gérard, ndiye alizunguka na chukudu, ile kinga yake ya mbao ya kusukuma, kukusanya. Wewe hukuonekana. Sikuulizi sana. Batu baliniuliza, nikasema ni barabara.

Baba mudogo Jacob amesema siku ya kutoa kilio, kumaliza matanga, itakuwa mwezi wa nane, mbele batu baanze kupanda. Moto itawashwa tena siku ile, na ndipo batazungumuza pia shamba ya mama ya Vuhovi. Wewe ukuye tu na mwili wako. Hapana kuleta kintu. Jamaa yote inajua hali yako, nilibaambia mimi mwenyewe, hakuna mwenye atakuomba.

Nimetia mu mufuko sabuni, na robe ya Abigaïl yenye haimuingii tena. Inaweza kumufaa Bénie. Unijibu.

Yaya yako,
Nadège Kavira


Beni, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Yaya Nadège, mukubwa wangu,

Salamu imefika na sabuni imefika. Robe imemutosha Bénie, aliivaa siku ileile na akakataa kuivua. Wasingya, asante sana. Léa anakusalimia. Asubui anaendaka kulima mashamba ya batu, upande wenye askari banasema hakuna shida. Mimi naenda naye siku yenye mugongo unakubali. Mwenye shamba anatupatia majembe yake, jioni anayapokea na kuyahesabu. Tunakula. Tunalala.

Kule kwetu, kwenye kakao, sijarudia tangu tulikimbia vita. Banasema majani imefika ku dirisha. Banasema pia kuko batu banavuna kakao yetu na kuipeleka ku soko sawa yao. Nilifikiri nitakasirika. Sikukasirika. Niliisikiliza sawa habari ya mutu mwingine mwenye simujui, halafu nikaenda kuteka maji.

Simu ilikufa.

Juu ya kilio ya mama, barabara ilikuwa mubaya.

Kuko kintu moja nataka kukuuliza. Unamukumbuka muzee Phinées, pale Vuhovi, nyumba ya chini karibu na muto? Tulikuwa tunapitaka kwake na baba, tukikusanya kuni za kilio. Baba alikuwa anamuitaka nani? Mimi sijasahau. Nataka tu nisikie kwako.

Ni hiyo.

Mudogo wako,
Zacharie Maliro


Butembo, tarehe 30 mwezi wa tano 2024

Zacharie,

Salamu kwenu bote. Nimechelewa kukujibu, kazi ilikuwa mingi. Batu ba Kanyabayonga banakimbia vita, bameanza kufika huku na magodoro ku kichwa. Mumoja, anaitwa Solange, nimemupatia fasi mu jikoni pamoja na mutoto wake wa kunyonya. Ni mutu wa kimya. Anaamuka mbele yangu, anafagia parcelle yote, nikimuambia aache anafagia tena. Luc anauliza kama sasa tumefungua hoteli. Mais ni yeye mwenyewe anamupelekea chai.

Unaniuliza juu ya Phinées, mutu mwenye alishaoza zamani. Na mambo ya wewe mwenyewe unaniandikia kwa mustari moja moja. Simu ilikufa. Barabara ilikuwa mubaya. Zacharie, barabara haikuwa mubaya. Ananie alipita siku ya maziko, kwenda na kurudi, na alikula bugali ya kilio kwangu. Nilikutetea mbele ya batu na uongo yenye hata hukuniomba.

Phinées alikuwa masikini. Ndiyo jibu. Sisi bote tuko masikini. Mutoto akianguka tunasema masikini. Mutu akifiwa, masikini. Hata mimi, bei ya maharagi ikishuka, Luc ananiambia masikini muke wangu na anacheka. Baba alikuwa anamuita na neno ingine, neno ya mu kanisa, yenye batu habasemi hovyo. Hapana kuitafuta.

Najua kwenye unaenda. Kuko mutu amekuletea maneno, na ni Ananie, nitamushika. Sawa, nitakuambia mimi mwenyewe. Siku ya kilio, mbele Gérard aondoke na chukudu, nilisimama mu jamaa nikasema: kwa Zacharie musiombe kintu, amepoteza byote, ni fukara. Nilisema vile kwa huruma. Ungependa bakuombe kuku mbele ya batu, na wewe unasema sina, unaangalia chini? Nilikufunika. Mama mwenyewe angefanya vile.

Basi. Ukule vizuri. Nimekutumia maharagi kidogo, ni ya mwaka huu, hapana ya zamani.

Nadège


Beni, tarehe 2 mwezi wa saba 2024

Yaya,

Maharagi tumekula, iliiva mbio. Léa anasema asante. Bénie amejifunza kuimba wimbo wa badéplacé, bakimbizi sawa sisi, ba parcelle ya pembeni, sijui ni luga gani, mais anaimba vizuri. Habari ya Kanyabayonga tunaisikia huku pia. Huyo Solange, umuache afagie.

Hapana kumushika Ananie. Hakuniambia kintu. Nitakuambia namna nilijua, mais mbele ya ile nataka kukuambia namna mimi najua neno yako.

Masikini, sawa unavyosema, ni batu bote. Mais masikini anaombwa. Mama alikuwa masikini maisha yake yote na hakuna kilio Vuhovi yenye haikukula maharagi yake. Hata mwaka wenye mihogo ilioza, Gérard alikuwa bado mutoto, baba yake Jacob ndiye alikuwa anazunguka, na alisimama ku mulango wetu akaita: mama Nadège, kuni. Mama akatoka na kuni. Tulilala njaa, mais aliitwa na akatoka. Unakumbuka namna alikuwa anatembea ile siku.

Fukara ni kintu ingine. Batu banafikiri ni mutu mwenye ana kidogo kupita masikini. Hapana. Phinées alikuwa na mbuzi, ile nyeupe ya pembe moja. Ule mwaka sisi hatukuwa na mbuzi. Alikuwa na ndizi nyuma ya nyumba. Mais muke wake alikufa, batoto bake bakaenda Uganda bakapotea, na bazee bakakaa bakasema: masikini, musimuombe tena, amebaki peke yake. Balisema kwa huruma. Hakuna mumoja alimuchukia. Na tangu siku ile hakuna mwenye alisimama kwake.

Alikuwa anaweka kuni inje ya mulango, kila kilio. Kuni ya kukauka, anaipasua vizuri na kuipanga, ili sisi tusipate kazi ya kuomba. Tunafika, baba anasema: tupite, ni kwa fukara. Tunapita. Tukirudia ile njia, kuni iko. Kesho yake iko. Mvua ikikuya anaingiza ndani, na kilio ingine anatoa tena ileile. Mimi nilikuuliza kwa nini hatuichukui. Ulikuwa unanishika mukono. Uliniambia: nyamaza, ni huruma.

Baadaye habakumuuliza tena mambo ya barabara, na mambo ya muto. Habakumualika ku ndoa, juu atapata wapi zawadi. Habakugombana naye. Kuku yake ikiingia mu shamba ya mutu, mwenye shamba anaifukuza tu na ananyamaza. Alikufa na tulijua juu ya mbuzi yenye ililia mu kamba.

Ndiyo mana ya neno, yaya. Fukara ni mutu mwenye batu bazuri bameacha kumuomba. Huwezi kuwa fukara peke yako mu nyumba yako. Banakufanya.

Sasa namna nilijua.

Mimi nilikuya Butembo siku ya kilio ya mama. Léa alikuwa amemuomba mwenye shamba amulipe kuku pahali pa franga, alikubali, alitupatia jike mwekundu, muzuri. Nilipanda ku camion ya mbao, nikashukia mbali kidogo, nikatembea. Mbele nifike ku parcelle, nikamukuta Gérard ku barabara na chukudu imejaa kuni. Nilifurahi kumuona. Nikamutolea kuku, nikasema: hii ni ya Zacharie. Gérard aliniangalia, hapana vibaya. Akasema: hapana, yaya Zacharie, rudisha kuku yako ku batoto, yaya Nadège amesema wewe tusikuchukulie kintu, wewe uingie tu ukule. Akanigusa ku bega. Alikuwa anataka kunisaidia, na alikuwa na haraka.

Nilisikia shirika inaimba pale ndani. Ni wimbo wenye mama alipendaka, ule wenye mimi nashikaka sauti ya chini. Sauti ya chini haikuwemo. Nilisimama mupaka wimbo ukaisha. Halafu miguu ikageuka. Nilirudi Beni na kuku mukononi, na Léa hakuniuliza. Tulimukula siku yenye ilifuata. Hakukuwa na ladha, labda ni chumvi ilikosa.

Siandiki hii ili ulie. Mimi mwenyewe silii. Niko sawa mutu mwenye alilalia mukono, anauona ni wake mais hausikii.

Siku ya kutoa kilio sitakuya. Muzungumuze shamba bila mimi. Unisalimie Luc.

Zacharie


Butembo, tarehe 9 mwezi wa nane 2024

Zacharie,

Salamu. Kwetu batu ni bazima. Abigaïl alipita mu classe. Solange angali huku, mutoto wake ameota meno na anamuuma kila mutu. Luc alienda ku centre de santé, balimupatia sirop, hakohoi tena usiku. Nimebadilisha fasi ku soko, sasa niko karibu na mulango, jua inanipiga.

Barua yako imekaa mu mufuko ya tablier yangu tangu ilifika. Nilianza kujibu, nikachana. Nikaanza tena. Kila mara nafika ku kuku na mukono unasimama. Donc juu ya kuku siandiki. Nilisoma. Ujue tu kwamba nilisoma.

Nitakuambia mambo ya juma iliyopita. Baba mudogo Jacob alikuya kwangu na bazee ba Vuhovi, kupanga siku. Banasema ni tarehe 24. Balikula, bakaanza kuzungumuza shamba ya mama. Hii upande wangu, hii upande wa batoto ba marehemu Manassé mwenye alinifuata, hii itabaki ya jamaa. Nikangoja. Nikaona upande wako haukuyi. Nikauliza: na Zacharie? Baba mudogo akaniangalia sawa mutu mwenye haelewi. Akasema, bila hasira: Zacharie hatukumuomba hata kuni ya mama yake, sasa juu ya shamba tutamuuliza kwa njia gani? Tutamuchangia nguo, tutamuchangia unga. Ni fukara, wewe mwenyewe ulituambia. Bote bakakubali na kichwa. Mumoja akasema masikini Zacharie, na akafuta macho kweli.

Nilitafuta mu ile salon mutu mubaya wa kumukasirikia. Sikumupata. Bako batu bazuri bote. Mimi ndiye niliweka neno ile mezani na bote balikula.

Nikasema: neno yangu naitoa. Baba mudogo akasema neno haitoki vile, mutoto wangu. Aombwe. Alete. Batu baone na macho. Bila vile, siku ya 24 tutafunga mambo ya shamba na itakuwa imefungwa. Akaomba maji ya kunawa.

Zacharie. Mimi mutoto wa kwanza wa mama, nasimama ku mulango wako. Nakuomba kuni ya kilio ya mama yetu. Hapana kuku, hapana unga. Kuni. Ufikishe mbele ya tarehe 24. Hapana kuniandikia kama uko na nguvu ama huna nguvu, hiyo sikuulizi. Nimekuomba.

Kavira


Beni, tarehe 20 mwezi wa nane 2024

Yaya,

Bénie alikuwa na homa, imepita. Léa yuko. Huku ni vumbi.

Ombi yako imefika. Tangu tulikimbia, ni mara ya kwanza mutu ananiomba kintu. Batu ba musaada bananipatia. Balinipatia bâche ya kufunika paa, mafuta, sabuni, sahani ya plastique. Banauliza jina, banauliza tuko bangapi, banaandika, banatabasamu. Bako bazuri pia. Mais hakuna mwenye aliniomba hata kiberiti. Nilisoma ile fasi, nikaikunja, nikaifungua. Léa akasema: unasoma nini vile? Nikasema: yaya ananiomba kuni. Akakaa chini pembeni yangu.

Kuni sina. Ku pori hatuendi, unajua juu ya nini, bunduki iko mule. Tunapikia makaa ya mwenye parcelle, siku ingine magunzi ya mahindi. Nilitaka kwenda kununua fungu ku soko. Léa akakataa, akasema ile itakuwa kuni ya muuzishaji, na mama hakuwa mama wa muuzishaji. Tukaangalia mu nyumba. Hakuna fasi nyingi ya kuangalia.

Kuko jembe yangu. Siku tulikimbia nilikuwa mu kakao, ndiyo kintu ilikuwa mukononi, nilikimbia nayo na sikujua naishika mupaka tulifika barabarani. Iko nyuma ya mulango tangu siku ile. Mashamba ya batu tunalima na majembe yao. Nimetoa mupini. Ulikuwa umekaza, nilipiga na jiwe. Ni muti ngumu, umekauka kabisa, utaungua vizuri. Chuma imebaki, nimeifunga mu gunia.

Mupini nampatia Ananie pamoja na barua hii. Mimi sijui kama nitakuya. Nimeweka mwili wangu fasi moja na bado haunitii.

Zacharie


Butembo, tarehe 26 mwezi wa nane 2024

Kwako Zacharie Maliro, mudogo wangu,

Nakusalimia wewe na Léa. Umushukuru Léa kwa neno yake juu ya muuzishaji, ni mutu mwenye akili na sikumujua vizuri. Bénie unimupigie busu. Solange alisaidia kupika siku ya kutoa kilio, alipika kupita sisi bote, batu ba Vuhovi banauliza ni jamaa ya nani. Nikasema ni yangu.

Ananie alifika asubui ya 24 na mupini ku bega. Aliuliza kama jamaa inataka kupigana. Nikamupatia chai.

Niliujua mbele niushike. Baba ndiye aliuchonga, kuko ile fasi karibu na mwisho kwenye kisu iliteleza na akatukana, na mama akamugombeza juu ya kutukana. Kwenye mikono inashikaka umekuwa laini. Nitakuambia kweli. Niliingia mu chumba, nikaufunga mu kikwembe, ile kitenge ya mama, nikausukuma chini ya kitanda. Nilijiambia nitachukua kuni ingine ku jikoni, nitasema ni ya Zacharie, nani atajua? Mupini utabaki, siku moja utamupatia Bénie. Nilijisikia muzuri. Nilikuwa nimeshafika ku mulango na kuni ya jikoni mukononi.

Pale nikaona mu kichwa kuni ya muzee Phinées, ile ya kupanga vizuri. Mimi ndiye nilikuambia ni huruma. Nikarudi chini ya kitanda.

Nikatoka na mupini mu kilio. Baba mudogo Jacob alikuwa amekaa, na Gérard, na bazee, na shirika yote. Nikasema: hii ni kuni ya Zacharie. Nilimuomba na ameleta. Gérard akasema, mais yaya, ile ni mupini wa jembe. Nikasema ni kuni. Pale nikaona Gérard amekumbuka kuku, uso wake ukabadilika. Baba mudogo akasimama. Akaupokea na mikono mbili, akauangalia kwenye mwisho, kwenye kisu iliteleza, akauingiza mwenyewe mu moto.

Ulikawia kushika. Halafu ukashika. Uliungua sawa kuni zingine. Batu baliota moto, bengine balikuwa banazungumuza bei ya mbegu. Nilisimama mupaka ukakatika katikati na ukaanguka mu majivu. Sikulia. Nilifikiri nitalia. Shirika ikaimba ule wimbo, na sauti ya chini haikuwemo, na mara hii kila mutu aliisikia, juu kiongozi alisimamisha akauliza: Zacharie yuko wapi?

Halafu tukaenda ku mambo ya shamba. Baba mudogo akakaa tena, akasema mbele ya bote: na Zacharie, anasema nini? Nikasema sijui, nitamuuliza.

Donc nakuuliza. Kuko upande wa muto na kuko upande wa juu, wenye mama alikuwa anapandaka maharagi. Ule wa muto unataka kazi mingi. Hatukugawanya, tunangoja jibu yako, na mvua iko karibu, jirani bameshaanza kulima. Bananiuliza asubui na jioni.

Ukuye na ile chuma yako. Mupini tutakata huku.

Yaya yako,
Nadège Kavira